Futa Hapa

Baada ya Ijara, Salah aliacha kuuliza walikuwa wamefika wapi. Kila alipouliza, mzee mwenye ndevu za hina aliyeketi mbele yake alimjibu, "Karibu tu," na hiyo karibu tu ilikuwa imeshakula saa tatu za vichaka vya miiba na udongo mwekundu. Twiga wawili walisimama kando ya barabara wakalitazama basi likipita, kisha wakarudi kwenye mti wao. Salah alikuwa amefika Moroni, Mahajanga, Mukalla na Maskati. Alikuwa na lugha sita, na angeweza kuomba chai katika bandari yoyote kutoka Lamu hadi Kochi. Lakini safari zake zote tangu ujana zilikuwa za kuifuata pwani. Hii ilikuwa mara ya kwanza kuipa bahari mgongo siku nzima, na shingo ilimuuma kwa kugeuka nyuma, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kwenye kizuizi cha kuingilia Garissa abiria waliteremshwa kukaguliwa. Askari akakigeuza kitambulisho chake mara mbili.

"Kazi?"

"Fundi wa umeme wa mashua."

"Mashua." Askari aliitazama barabara yenye vumbi, akawatazama mbuzi waliokuwa wakila katoni, kisha akamrudia yeye. "Ndugu yangu, umepotea basi au umepotea nchi?"

Mzee wa hina alicheka hata akakohoa. Salah naye akacheka. Mtu hachukii mzaha wa mlangoni anapokuwa mgeni.

"Nimekuja kuchukua tao," alisema. "Kuna fundi hapa anaitwa Nunow."

Askari aliacha mzaha. "Nunow wa matangi ya maziwa? Aliyefiwa na kijana wake?" Akamrudishia kitambulisho kwa mikono miwili. "Mpe pole."

Tao alilolifuata lilikuwa la mashua ya matanga ya daktari mmoja mstaafu aliyeishi Lamu: mabomba ya stenlesi yaliyopindwa na kuunganishwa mfano wa mlango mkubwa usio na ubao. Tao la namna hiyo husimama nyuma ya mashua, miguu yake miwili imefungwa kwa boliti sitahani, na juu yake hubeba paneli za sola na taa. Waya hupita ndani ya mabomba, zisiliwe na chumvi wala zisinaswe na kamba. Daktari alikuwa amelingojea miezi minne. Mwisho alimwambia Salah, "Kijana aliyekuwa akileta amefariki. Nenda wewe. Kama halijakamilika, likamilishwe mbele yako."

Salah alikula kwanza. Katika hoteli jirani na soko, mhudumu alimwambia kulikuwa na wali, nyama ya ngamia na fiazi. Alipoomba kijiko aliambiwa, "Fijiko iko kwa meza, bole." Salah alifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo. Kabla chai haijapoa alikuwa ameshaishika kanuni: watu wa hapa p yao hulegea ikawa b, na v yao hukauka ikawa f. Aliona mji umeanza kumfungukia, kama ilivyomfungukia miji yote mingine, kupitia mdomo.

Karakana ya Nunow ilikuwa nyuma ya soko, mabati mapya kwa makuukuu. Mlangoni yalining'inia madumu ya stenlesi ya maziwa ya ngamia, na upande mmoja lilisimama tangi la lita mia tano lenye mashine ya kupoza. Ukuta wa nyuma wa karakana ulikuwa ndio ukuta wa mbele wa nyumba, na katikati yake palikuwa na mlango wenye pazia la kijani.

Mwenyewe alikuwa mrefu, mkavu, wa miaka sitini hivi, na kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha.

"Bole na safari," alisema. "Bole na jua."

"Nimeshapoa, adeer," alisema Salah, akimwita ami kwa Kisomali. "Wewe ndiye wa kupewa pole. Daktari anakupa pole, na mimi nakupa pole."

"Alhamdulillahi," alisema Nunow. "Mwenyewe amechukua."

Wakanywa chai bila kuzungumza. Halafu, kwa kuwa mgeni alikuwa ametoka mbali na kimya hakimfai mgeni, Nunow alianza kumsimulia, akiyatoa maneno moja moja kama mtu anayetoa misumari kwenye kopo.

Alizaliwa Tarbaj, katika boma la ngamia sitini. Ukame wa utoto wake ulibakisha ngamia wanne, na ule uliofuata ukambakisha yeye na mama yake. Akiwa na miaka kumi na tisa alidandia lori hadi Mombasa, akaajiriwa kufagia karakana ya kutengeneza meli. Humo mlikuwa na fundi wa stenlesi, mtu wa mbali asiyejua Kiswahili wala Kisomali. Nunow alijifunza kwa kutazama mikono yake. Alikaa miaka kumi na sita, akachomelea matangi, ngazi na reli za meli ambazo zote alizijua zikiwa nchi kavu, zimeegemezwa magogo. Zikiisha kupona zilishushwa majini, naye akaletewa nyingine. Hakupata kupanda hata moja ikiwa inaelea.

Mama yake alipozeeka akarudi, si Tarbaj bali Garissa, kwa sababu Garissa ilikuwa na umeme. Wanawake wauza maziwa ya ngamia walikuwa wamechoka na madumu ya plastiki yanayoshika harufu. Nunow akawatengenezea madumu ya stenlesi. Hiyo ndiyo ikawa kazi yake na jina lake.

Mwanawe Abdinasir ndiye aliyeirudisha bahari nyumbani. Alisomea umeme, akapata kibarua cha nyumba moja ya wageni Lamu, na huko akaiona mashua ya matanga yenye tao lililooza kwa kutu. Akapiga simu. "Aabo, ile chuma yako wanaitafuta huku."

"Yeye alikuwa ananiita aabo," Nunow alimweleza Salah, "na mimi namwita aabo. Kwetu ni hifyo. Baba na mtoto wanaitana neno moja."

Wakagawana kazi. Baba alipinda, akachomelea, akatoboa. Mwana alipitisha waya, akalipakia tao kwenye lori, akaenda kulifunga Lamu. Baba hakugusa waya hata siku moja; mwana hakushika drili. Wakikorofishana, mmoja alimwambia mwenzake, "Rudi kwa tundu yako," na mwingine, "Rudi kwa uzi yako." Kila tao lilipoondoka kijana alisema, "Twende, aabo, ukaone likiwa juu ya maji." Na kila mara Nunow alijibu, "Safari ijayo."

"Tao kumi imeenda," alisema Nunow. "Hii ni ya kumi na moja."

Salah aliyajua yaliyobaki kutoka kwa daktari: homa ya siku nne, hospitali siku ya tatu, kaburi siku ya nne. Kijana alikuwa na miaka ishirini na saba. Mkewe, Kaltun, alikuwa ndani ya nyumba hiyo, nyuma ya pazia la kijani, akimalizia eda. Zilikuwa zimebaki siku tisa.

Adhana ya alasiri iliposikika, Nunow alisimama. Salah alikuwa amejumuisha sala zake njiani, kama msafiri.

"Kaa," Nunow alimwambia. "Angalia kazi. Nikirudi tunatoboa tundu ya mwisho."

Tao lilikuwa kwenye pembe, limefunikwa shuka. Salah alilifunua, akalizunguka akistaajabu. Katika bandari zote alizopita hakuwahi kuona viungo laini namna ile. Chuma kilikuwa kimeungana kama kilizaliwa hivyo. Lakini kilikuwa kimeshika vumbi la miezi minne. Juu, kwenye bomba la kukingama, palikuwa na tundu lililokwisha kutobolewa, na ndani yake kimefungwa kijiti. Chini, kwenye mguu wa kushoto, alikuta tepu ya karatasi iliyozungushwa juu ya kitu kidogo kigumu, na kando ya tepu, kwa kalamu ya wino mzito, herufi kubwa zilizosimama wima kama za mtoto wa shule: FUTA HAPA.

Salah alikuwa mtu asiyeweza kukaa bure katika karakana ya mwenzake. Alitafuta kitambaa, akaona chupa ya thina, akaanza kazi. Alilifuta tao lote, kutoka juu kushuka chini, na alipofika pale palipoandikwa alipafuta zaidi. Tepu aliibandua. Ndani yake mlikuwa na sumaku ndogo ya duara. Alipoivuta kutoka kwenye bomba alisikia ndani mlio mdogo, tk, kama jino linalogonga kikombe. Akaiweka sumaku juu ya benchi. Wino ulikuwa mkaidi. Alimimina thina mara tatu ndipo ukatoka wote, na pale mahali pakang'aa kuliko kwingine.

Alikuwa bado ameshika kitambaa Nunow aliporudi.

Nunow alisimama mlangoni. Alilitazama tao, kisha mguu wa kushoto, kisha akainama akautazama kwa karibu kama mtu asiyeona vizuri.

"Tebu iko wabi?" Ulimi ulimteleza hata katika herufi alizozizoea. "Iko wapi?"

"Nimeitoa, adeer. Nimelisafisha lote. Hebu tazama."

"Na maandiko?"

"Si yalisema futa hapa? Nimefuta."

"Ndiyo. Futa haba."

"Basi. Nimeshafuta."

"Hujafuta!" Sauti ya Nunow ilipanda hata madumu yakaitika. "Uzi iko ndani! Kama umefuta, uzi iko wapi? Nionyeshe uzi!"

"Uzi gani, adeer?"

"Ya kufuta!"

"Sikuona uzi. Niliona wino, nikaufuta."

"Nani amekwambia ufute maandiko?"

"Maandiko yenyewe!"

Wakatazamana. Ingekuwa siku nyingine, na watu wengine, mtu angecheka. Salah, na lugha zake sita, alisimama na kitambaa cheusi mkononi, hajui amekosa nini, ila ameshajua kwamba amekosa sana.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mwanamke, ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka.

"Ni vuta, mgeni. Mume wangu alimaanisha vuta. Vuta hapa. Tulisoma darasa moja. Penye v yeye alitia f. Mwalimu alimkata alama kila mtihani kwa hiyo herufi, na kila mtihani aliirudia. Alipitisha uzi ndani kabla aabo hajaiziba miguu. Huku chini alifunga nati, akaishika na sumaku kwa nje, isizurure. Aabo atoboe pale, mtu avute uzi, uzi ulete waya."

Salah aliitazama sumaku juu ya benchi.

"Aabo hasomi," Kaltun aliendelea. "Mimi sina kazi na mabomba. Alimwandikia mtu wa mashua, kwa Kiswahili, ili aelewe. Alikuandikia wewe."

Salah alikiweka kitambaa chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. Mchana ule ule alikuwa amekaa hotelini na fijiko mkononi, akijisifu moyoni kwamba ameukamata mji kwa ulimi. Kanuni aliyoishika mdomoni hakuijua alipoiona imeandikwa.

"Adeer," alisema, "sijui niseme nini."

Nunow aliketi juu ya debe, akapitisha kiganja kwenye mguu wa tao, juu, chini, juu. Miezi minne, kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, alikuwa akiinua shuka na kutazama herufi asizoweza kuzisoma. Nguo za kijana zilikuwa zimegawiwa. Simu ilikuwa imezimika, na hakuna aliyejua namba ya kuifungua. Mkono wa kijana ulikuwa umebaki mahali pawili tu, kwenye wino ule na kwenye uzi uliokuwa ndani, na sasa palibaki mahali pamoja tu.

"Kesho," alisema mwishowe, akalifunika tao. "Asubuhi."

Asubuhi Salah alimkuta ameshaanza kujiandaa. Juu ya benchi palikuwa na drili, biti tatu za ukubwa tofauti, panchi, tupa ya duara, na kikopo cha mafuta meupe yaliyoganda.

"Mafuta gani hayo?"

"Ya nundu." Nunow alichota kidogo kwa kidole. "Mafuta ya gari inakimbia. Ngamia haikimbii, inakaa hapo hapo."

Salah alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu alipoamka. "Adeer, kuna njia nyepesi. Tukivuta uzi kwa juu, kwenye kile kijiti, nati itapanda. Utoboe bila hofu, halafu tuishushe tena."

"Hapana."

"Drili ikiupata uzi, itaukata."

"Najua."

"Basi kwa nini?"

Nunow alikuwa akipaka mafuta kwenye biti, akaigeuza taratibu hadi ikapakwa yote. "Mkono ya mwisho imeshika ile uzi ni ya nani?"

Salah alikitazama kijiti.

"Kile kijiti alifunga yeye. Hakuna mtu ataigusa kabla ya waya. Uzi itangoja mahali ilipo. Mimi ndiyo nitakuwa mwangalifu."

Aliichukua sumaku, akaipitisha kwenye mguu wa tao kwa upande wa nyuma, sikio lake limegusa bomba. Tk. Nati ilishika. Akamwambia Salah ashike sumaku pale pale, asiisogeze hata kama atawashwa pua. Sasa uzi ulikuwa umelala upande wa mbali, na kati yake na ncha ya drili palikuwa na uwazi wa vidole viwili tu. Alama ya mahali pa kutoboa haikuwapo tena. Nunow alifumba macho, akapapasa bomba, kidole kisicho na ukucha kikasimama. Akaweka panchi hapo, akagonga mara moja.

Stenlesi haipendi haraka. Biti ikizunguka kasi bila kukandamizwa, husugua tu, chuma hupata moto na kuwa kigumu kama kioo, na baada ya hapo utavunja biti tatu usipite. Kwa hiyo fundi huenda polepole na kuegemea kwa uzito wote. Lakini palipo na uzito mwingi pana hatari nyingine: chuma kikikubali, drili hutumbukia ndani ghafla, na kila kilichomo ndani hukatwa. Hapo Nunow alitakiwa akandamize kama asiyejali, na awe tayari kuacha kama asiyewahi kukandamiza.

Alianza na biti ndogo. Nyuzi za chuma zilitoka ndefu, zikajikunja, zikaanguka zikiwa na mafuta. Harufu ya nundu iliyopata moto ikajaa karakana. Nyuma ya pazia hata sufuria hazikusikika. Salah alihisi mtetemo ukipita kwenye sumaku na kuingia katika vidole vyake. Nunow hakutazama biti. Uso wake ulikuwa umegeukia ukuta, na alikuwa akisikiliza kwa mifupa ya mikono.

Mlio ukabadilika kidogo sana. Nunow alikuwa ameshaondoa kidole kwenye swichi, na biti ikasimama ikiwa imechungulia ndani kwa unene wa punje ya mchele.

"Bole bole," alijiambia.

Biti ya pili. Jasho lilimtiririka puani, likadondoka kwenye bomba na kutoa mvuke. Ya tatu ndiyo iliyokuwa ya ukubwa wa waya, na ndiyo ya hatari, kwa kuwa biti nene huuma ukingo wa tundu na kujivuta yenyewe ndani. Nunow aliipaka mafuta, akainyoosha, akasema bila kugeuka, kwa sauti ya kila siku, sauti ya kazi:

"Aabo, shika fizuri."

Salah alishika vizuri. Aliona shingo ya Nunow ikikakamaa neno lilipokwisha kutoka. Kisha Nunow akawasha drili.

Ilikwenda dakika tano, labda zaidi. Kuna wakati biti ilipiga kelele, naye akaondoa, akapaka mafuta, akarudia. Kisha ukaja ule mlio mwepesi tena, drili ikataka kuruka mbele, na mikono yake miwili myembamba ikaizuia kama mtu anayemzuia ngamia kwa hatamu. Ikazimika. Akaitoa taratibu. Salah aliinama, akamulika kwa simu.

Ndani, kwenye ukuta wa mbali wa bomba, uzi ulikuwapo. Mzima.

Nunow hakutaka kuambiwa. Alisugua ukingo wa tundu kwa tupa hadi ukawa laini, akautia pete ya mpira, ndipo akakunja kijindoano kwenye ncha ya waya mwembamba, akakiingiza ndani. Salah alilegeza sumaku. Nati ikatoka kwenye mwanga, ndogo, yenye kutu, imefungwa mafundo mawili, na nyuma yake uzi.

"Ni rangi gani?" aliuliza Kaltun kutoka nyuma ya pazia.

Salah ndiye aliyejibu. "Nyekundu."

"Nyekundu ya kushonea?"

"Ya kushonea."

Kaltun akacheka, kicheko kifupi kilichoharibika kabla hakijafika mwisho. "Mwongo huyo. Nilimuuliza uzi wangu mwekundu uko wapi. Aliniapia kwamba hajauona. Nilimnunia siku mbili." Baadaye kidogo akasema, "Siku mbili nzima."

Nunow aliushika uzi kati ya vidole viwili bila kuuvuta. Aliushika muda mrefu hata Salah akaona vyema atoke nje. Alisimama juani, akawatazama wanawake wakipita na madumu yao yanayong'aa.

Canter ya dereva Billow, ambayo kila Jumanne ilipeleka matikiti mji wa Hindi, karibu na Lamu, ilikuja kesho yake baada ya sala ya alfajiri, jua likichomoza. Vijana wanne wa sokoni walilipandisha tao, wakalilaza juu ya matikiti, limefungwa magunia. Tundu la chini lilikuwa limefunikwa tepu mpya, na juu ya tepu hakuna aliyeandika kitu. Salah alitoka na begi lake.

Nunow alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha pekee kilichobaki mbele, kando ya Billow. Alikuwa amevaa shati safi, na kofia ya Ijumaa ingawa ilikuwa Jumanne.

"Adeer? Unakwenda?"

"Nakwenda."

"Lakini kazi ya waya ni yangu."

"Nipe waya. Itaingia huko, juu ya maji."

Salah alifungua begi, akampa bunda la waya alilokuja nalo kutoka Lamu. Nunow alilipakata, kisha akatoa ufunguo kwenye mfuko wa shati.

"Hinda, yule mama wa maziwa, atakuja Alhamisi kuchukua ile tangi kubwa," alisema. "Mashine inazunguka lakini taa yake haiwaki, hajui maziwa ikipoa. Wewe ni fundi wa waya. Angalia. Mama ya Abdinasir ameshaambiwa, chakula italetwa hapo mlangoni."

"Mimi sijawahi kufanya matangi ya maziwa."

"Mimi sijawahi kufanya bahari." Akamwekea ufunguo kiganjani. "Kwa hii kiti yangu amekaa yeye mara kumi."

Billow alitoa kichwa. "Wariya Nunow, matikiti yataiva njiani! Ukifika huko ukitapika, usiseme ni gari yangu."

"Nikitapika nitatapikia bahari," Nunow alisema. "Imeshakula fya wengi."

Pazia la kijani lilisogea kwa ndani, likarudi. Gari likaanza kuondoka, likiyumba kwa uzito. Salah alitembea kando yake hatua chache, kwa kuwa kulikuwa na jambo ambalo fundi hawezi kuacha kulisema.

"Adeer, waya ufungwe kwenye uzi kwa juu, pale kwenye kijiti! Fundo liwe jembamba! Waambie wale vijana wa mashua wavute polepole, uzi ni wa kushonea, usije ukakatika!"

Nunow alitoa kichwa dirishani. Mkono wake mmoja ulikuwa nje, umeshika kamba iliyofunga tao.

"Hakuna mtu ataigusa!" alipaza sauti juu ya injini. "Nitafuta mwenyewe!"

Canter ikakata kona ya soko, ikaelekea barabara ya Bura. Salah alibaki katikati ya vumbi, ufunguo mkononi.

"Futa, adeer," alisema. "Futa."